Meli Iliyozama Maramba

Jamani, hili nalisimulia uso nimeuinamisha, maana mpaka leo nikipita Maramba kuna watu wananiita Kapteni, na mimi ni fundi umeme tu wa meli ya mizigo.

Nilikwenda kuposa huko Maramba, bara kabisa, mbali na bahari. Baba yake Zuwena, Mzee Nassor, mwenye mashamba ya michungwa, hakutaka mkwe wa baharini. Baada ya shikamoo na kahawa akamwuliza baba yangu mdogo, aliyekuwa mshenga, "Huyu akipotelea huko majini, mwanangu atamtafuta wapi?"

Ningenyamaza yakaisha. Lakini kwenye buti ya gari nilikuwa na boya la dharura la meli yetu (nimetoka nalo kwa fundi, kubadilishwa betri), lile la manjano ambalo likiingia majini hurusha ishara kwenye satelaiti. Dakika moja tu, nikajiambia, halitawahi kufikisha ishara. Nikaomba beseni la maji, nikalitumbukiza, taa ikaanza kumetameta, watoto wakapiga makofi, na mimi (kichwa kimeshavimba) nikaanza kueleza jinsi bahari zote za dunia zilivyogawanywa, kila eneo na kituo chake cha uokoaji, na satelaiti zinavyoviunganisha, nikanogewa mpaka nikasahau kulitoa.

Simu yangu ikalia. Tajiri wa meli! Nikaiweka sauti kubwa, nijitape.

"Uko hai?" Alikuwa analia. "Meli imezama! Kituo cha ng'ambo kimedaka ishara, kimewapa wenzao wa huku, wamenipigia sasa hivi, wanasema inatoka..." akasita. "Maramba. Maramba ipi hiyo yenye bahari?"

Sebule nzima ikanitazama mimi, kisha ikalitazama beseni.

Nikalizima boya, nikampigia afisa wa kituo cha huku kuomba radhi. Hakunifokea. Alisema taratibu tu, "Kijana, tulidhani satelaiti imekosea mahali, tulishaanza kuziomba meli zigeuze njia zikutafute. Kama wakati huo kungekuwa na mtu anazama kweli?" Baba mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Posa tumeisikia," akasema Mzee Nassor, "tutaifikiria."

Waliifikiria miezi minane, na mimi miezi yote hiyo silali vizuri, nikimwaza yule mtu anayezama.

Tumeoana, alhamdulillahi. Lakini boya la watu sitaligusa tena kwa kujionyesha, na siku hizi nikienda ukweni nabeba halua, nikiulizwa habari za kazi nasema nzuri, nanyamaza.