Bado Mpya Aenda Kupimwa Ubovu

Mume wa dada yangu anauza samani zilizotumika, na pale sokoni hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Bado Mpya. Kabati lililolea panya vizazi vitatu, yeye atalipiga nta, atasimama mbele ya tundu lao, na mteja akiuliza hali yake atajibu, "Bado mpya, mama." Kwa miaka thelathini sijamsikia akitamka neno baya juu ya kipande cha mbao. Mimi nauza mapazia chumba cha pili kutoka kwake, na kusifu watu si kazi yangu, lakini kwa hilo namkubali.

Miaka minne iliyopita kabati la milango mitatu lilimwangukia kutoka kwenye lori. Mgongo ukaungwa, mkono ukashonwa. Mguu wa kushoto hadi leo ni kama wa kuazima, hausikii kitu, na vidole vya kulia vinashika kijiko lakini havikazi skrubu. Kabati lenyewe lilipona. Aliliuza wiki mbili baada ya kutoka hospitali, na alichomwambia mnunuzi sina haja ya kukirudia.

Akapewa kadi ya ulemavu. Kadi hiyo inamletea mambo mawili: ruzuku ya kila mwezi, ambayo yote inaishia kwa seremala anayemkazia viungo vya viti, na haki ya chumba cha chini pale sokoni. Bila kadi anahamishiwa ghorofani, ngazi thelathini na nne. Wewe jaribu kupandisha meza ya watu wanane huku umeshika mkongojo.

Basi barua ikaja. Ilimtakia afya njema, kisha ikamtaka afike ofisi ya tathmini athibitishe kwamba hana. Ndani yake kulikuwa na fomu ya kurasa ishirini na mbili. Ukurasa wa tisa uliuliza ulemavu ulianza lini. Ukurasa wa kumi na nne uliuliza anatarajia kuumaliza lini.

Usiku wa kuamkia siku ya miadi nilikwenda kwao kumfundisha. Kujieleza mbele ya ofisi ni biashara kama biashara nyingine, ila huko bidhaa inauzwa kwa kasoro zake.

"Shemeji," nilimwambia, "kesho wewe si muuzaji. Kesho wewe ndiye kabati."

"Kabati la namna gani?"

"Bovu. Lenye tundu. Na tundu liwe mbele, watu walione."

Dada yangu alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Huyu? Huyu usiku nikimuuliza kama mgongo unauma ananiambia unapumzika."

"Sasa mnataka nikaidanganye serikali?"

"Tunataka uache kuidanganya," dada yangu alisema. "Soksi kila asubuhi anakuvalisha nani? Jirani?"

"Mambo ya soksi hayasemwi mbele za watu."

"Ndiyo hayo hayo ya kusema!"

Akaahidi. Asubuhi alitoka chumbani amenyoa ndevu, amevaa koti la harusi, na mkongojo ameupiga vanishi. Ulikuwa unang'aa kiasi kwamba ningeuona dirishani ningeuliza bei.

Ofisini tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Ubavuni mwetu bango lilitangaza kwamba hapa mteja ni mfalme, na chini yake wafalme kama arobaini walikuwa wamesinzia. Tulipoitwa, tulimkuta mtathmini kijana, nadhifu, mwenye adabu zote isipokuwa ya kumtazama mtu. Maswali aliyasoma kwenye kompyuta na majibu aliyabonyeza humo humo.

"Unaweza kuoga mwenyewe?"

"Mimi ni mtu mzima, bwana."

Akabonyeza ndiyo.

"Unaweza kupika chai?"

"Chai ya nyumbani kwangu haina mfano."

Ndiyo. Chai ya nyumbani kwake anaipika dada yangu. Yeye huisifu.

"Kwa jumla unajisikiaje?"

Hapo nilimkanyaga mguu kumwonya. Kwa haraka nilikanyaga ule wa kushoto, kwa hiyo haukumfikishia habari.

"Bado mpya," alisema.

Mpaka hapo ningeweza kumwokoa. Balaa lilikuwa kiti. Kile alichokalia kilikuwa cha mbao, na kila akipumua kilicheza, ngo, ngo. Nilimwona anakisikiliza kiti kuliko anavyomsikiliza mtathmini.

"Samahani, bwana mkubwa," alisema. "Hiki mmekiacha hivi tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Tumeshaandika barua."

"Barua!" Alivyolisema neno hilo, ungedhani ameambiwa wamekipeleka kiti kwa mganga wa meno. Akaegemea meza, akateremka mpaka sakafuni, akakipindua. Nikamwita kwa sauti ya chini, "Shemeji. Shemeji, wewe!" Hakusikia. Alitoa bisibisi mfuko wa koti, kwa sababu mtu huyu huenda nayo hata msibani, akahangaika na skrubu, akakunja barua yake ya miadi akaibana kwenye kiungo, akagongea kwa kichwa cha mkongojo. Dakika sita. Akakisimamisha. Kilitulia kama kimepigwa picha.

"Mkihitaji kumi na viwili vya kufanana," alisema huku jasho likimtiririka, "ninavyo."

Kijana aliandika kwa muda mrefu kuliko maswali yote yaliyotangulia. Nilifurahi kuona hatimaye amepata cha kuandika.

Kwenye teksi Bado Mpya hakuweza kushuka. Wanaume wawili walimtoa kama wanavyotoa godoro, akalala sakafuni siku tatu, dada yangu akimlisha. Hizo siku tatu hazikuwa kwenye kompyuta. Ripoti iliyokuja ilisema: "Mhusika aliinama bila msaada, alitengeneza kiti kwa ufanisi, na alionyesha ari ya kazi. Alama za ulemavu: sifuri." Kadi ingekoma baada ya siku thelathini. Seremala alipopata habari akauliza kama bado ana kazi. Msimamizi wa soko hakuuliza kitu. Alikuja na futi akapima chumba.

Dada yangu alilia. Mimi niliisoma ripoti kama ninavyosoma lebo ya kitambaa: natafuta neno lililowekwa ili nisiulize. Neno lilikuwa "ufanisi". Nikaenda ofisini nikisingizia kuuliza fomu, nikapita karibu na kile kiti, nikakiegemea kwa kiganja. Kilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Siku hiyo hiyo nikaandika rufaa, nikaomba kiti kiletwe mbele ya jopo kama kielelezo. Ofisi hupenda vielelezo. Walikibandika kibandiko chenye namba, wakakifungia stoo.

Bado Mpya hakufurahi. "Kile kiti nilikitengeneza mimi."

"Najua."

"Kiko sawa."

"Kama kiko sawa, shemeji, kesho tuanze kuhesabu ngazi."

Siku ya rufaa jopo lilikuwa la watu watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye miwani ya mnyororo. Mtathmini alisoma ripoti yake. Alipofika kwenye ufanisi alisoma kwa sauti iliyonyooka zaidi. Yule mama akakitazama kiti kilichosimama katikati ya chumba na kibandiko chake.

"Mbona kinaonekana imara," alisema. "Hebu nikijaribu mwenyewe."

Akainuka, akaja akazunguka meza.

Nasema ukweli: mimi ningemwacha akae. Mama yule hakupungua kilo tisini, na kesi ingeamuliwa kwa kishindo kimoja, bila haja ya mashahidi. Nilihesabu hatua zake. Shemeji yangu alinitazama mimi, akakitazama kiti, akamtazama mama aliyekuwa tayari ameshika sketi yake.

"Usikikalie, mama."

"Kwa nini? Si umekitengeneza wewe?"

Shemeji alinyoosha mkongojo, akauweka juu ya kiti.

"Ndiyo maana," alisema.

Mama akaiachia sketi. "Eleza."

"Kazi hii ni mbovu." Aliyasema maneno hayo akikiangalia kiti, si watu. "Skrubu haikuingia. Mkono huu unafika nusu, halafu unakataa. Pale kwenye kiungo nilibana karatasi ya miadi yenu. Kwa macho kinapendeza, lakini ukikikalia utaanguka."

"Na vile unavyouza?"

"Vile anakaza seremala. Mimi nashika tochi."

"Lakini uliinama mwenyewe. Imeandikwa hapa."

"Niliinama, ndiyo. Baada ya hapo nililala chini siku tatu." Nikadhani amemaliza. "Na soksi hizi amenivalisha mke wangu."

Mtathmini alitafuta kwenye kompyuta pa kubonyeza, asipaone.

Jopo lilitoka dakika kumi, likarudi. Kadi imeongezwa: ruzuku ile ile, chumba kile kile, kwa miaka miwili. Baada ya hapo ataitwa tena, waone kama hali imebadilika. Mguu huenda ukachipua, huwezi kujua.

Nilitegemea shukrani. Tulipokaribia sokoni ndipo alipofungua mdomo.

"Yule mama alikuwa mteja," alisema. "Nilimwona anavyoitazama meza yao. Alikuwa anatafuta meza. Sasa atanunua nini kwangu?"

"Kadi unayo, shemeji."

"Umenitangazia ubovu mbele ya mteja."

Wiki iliyofuata alimtuma seremala kule ofisini na skrubu nne mpya, akakikaze kile kiti bila malipo. Nilimfuata chumbani kwake mbio.

"Umechanganyikiwa? Kile kiti ndicho shahidi wako! Kiache kicheze miaka miwili!"

"Watu wanajua nilikigusa," alisema, akaendelea kupaka nta meza iliyopasuka. "Siwezi kukiacha vile."

Seremala alirudi jioni amefurahi. Walimpokea vizuri, alisema. Walikikalia mmoja mmoja, wakacheka, kisha mtathmini akafungua faili la Bado Mpya na kuandika mbele yake, kwa herufi safi: "Kiti sasa ni imara. Kimetengenezwa na mhusika."

Nimeshaanza kuandika rufaa ya miaka miwili ijayo.