Mkanda wa Mashine ya Mpui

Mdogo wangu aliandika programu ya kompyuta, kwa lugha ya C, ya kuwasha mashine yetu ya kusaga huko Mpui. Ukitaka kuijaribu tu bila mota kuzunguka, unaongeza alama ya -j kwenye amri unayoiandika. Nikaandika jina la mashine kwanza, kisha -j, maana kwetu Ufipa unamwita mtu ndipo unamweleza shida. Nikabonyeza kitufe, huku mkono mwingine umeshika mkanda uliolegea.

Mota ikanguruma. Mkanda ukaning'oa vidole viwili, damu ikarukia unga.

Mdogo wangu akaja mbio, akatazama kompyuta. “Kaka, programu ikishakuta jina haisomi tena alama. Alama hutangulia.”

Ananifundisha huku navuja damu!

Nikamwita jina lake kwanza, kama tulivyolelewa. Ndipo nikamtandika ngumi ya mdomo kwa mkono uliobaki mzima.