Baba Mkwe Anamchongea Binti Yangu Upinde, Kumbe Ulikuwa Mchezo wa Kaye

Asalaam aleikum admin, na ninyi nyote mnaosoma hapa. Ficheni jina langu, tafadhali. Sisi huku Kabambare tunawasalimu: baba mkwe wangu anawasalimu, bwana yangu aliye kwenye machimbo Salamabila anawasalimu, wifi yangu na kichanga chake, watoto wangu wawili wadogo, hata kifungua mimba wangu anayesoma Kasongo, ingawa nimemkasirikia. Nitamwita Aziza, si jina lake. Mimi nina miaka arobaini na sita, masomo yangu yaliishia darasa la nne, nikikosea kuandika mnivumilie.

Baba mkwe ni fundi wa pinde, wa mwisho kwenye ukoo wao. Vijana wote wamekimbilia dhahabu. Tangu mama mkwe afariki mzee alikuwa analala tu, sahani inarudi kama ilivyokwenda. Ndipo Aziza akaanza kupiga simu kila alasiri, nimpe babu yake. Anauliza mti gani, unakaushwa namna gani, kamba inatoka wapi. Sababu mimi niliijua. Yeye na wenzake wana mchezo: wanakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni ameandikwa kwenye kaye, yaani daftari, mwenzao mmoja anasimulia safari, wanatupa vijiwe vyenye namba kuona nani ameweza. Mtu wa Aziza alikuwa fundi wa pinde. Asipoeleza vizuri anavyochonga, msimulizi anamkatalia kupanda cheo.

“Babu, nikimaliza upinde kwa siku moja ni sawa?”

“Siku moja? Mti haujakauka! Hapo utakuwa umeiba wa mutu.”

“Na kwenye mshale niweke manyoya?”

“Manyoya ya nini? Jani gumu, mke wangu! Unataka nyama ikucheke?”

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake akaingia porini na panga kutafuta mti. Jioni akamaliza bukari na sombe, akaomba tena. Akaniuliza, “Mama Aziza, huyu mutoto iko anataka kazi hii kweli?”

Hapo nilikosea. Nilitazama ile sahani tupu, nikasema, “Ndiyo, baba. Anaitaka sana.”

Sasa, kwenye ukoo wao mwanamke hashiki kisu cha pinde. Mzee akaenda kwa ndugu zake kuwaomba. Waligombana wiki mbili. Mdogo wake akamwambia, “Kaka, uzee umekuingia kichwani.” Akajibu, “Na wewe, mjukuu wako gani amekuuliza hata jina la mti?” Mwisho wakakubali. Ijumaa hii baada ya swala wazee wote wanakuja kwetu, Aziza akabidhiwe kisu.

Nikampigia mtoto. “Mama! Nani alisema nataka kuwa fundi? Yalikuwa ya mchezo. Na yule mtu wangu ameshakufa, aliliwa na joka. Sasa nina mwingine, mganga.”

Aliliwa na joka! Nikamuuliza, basi mimi nimwambie babu yako nini, kwamba joka limekula? Akasema, “Mwambie ukweli, mama, mimi nina mitihani.” Akakata. Bwana yangu naye ananiambia, “Wewe ulisema ndiyo, wewe umalize.” Kila mtu ananitupia mimi! Nani alikuwa anarudisha ile sahani jikoni miezi yote, wao?

Kila alasiri mzee anakaa karibu na simu yangu. “Hajapiga?” Nami ninajibu, “Rezo haiko, baba, simu haishiki.” Uongo unazaa mwingine.

Jana ameniita uani, ameshika ule mti, umeshakauka. “Wewe na Aziza mko urefu mmoja. Nyoosha mkono.” Nikanyoosha. Akaupima upinde kwenye mkono wangu, taratibu, akaweka alama kwa makaa, akasema, “Utamtosha.”

Nikimwambia, ataaibika mbele ya ndugu zake na atarudi kulala. Nikinyamaza, wazee watakuja na mtoto hayuko. Nimlazimishe Aziza apande pikipiki, aje ashike kisu asichokitaka? Nishaurini wenzangu, nifanye nini? Leo ni Jumanne. Msichelewe kunijibu, nawaomba sana.