Neno Nililokataa Kulisema

Moshi wa kuni za mkoko ukishaingia kwenye kitambaa, hautoki kwa sabuni. Wiki iliyopita nilifungua mfuko wa samaki wakavu niliotumiwa kutoka Mbwera, ule moshi ukanipanda puani, na papo hapo nikawa na miaka kumi na miwili, nimesimama mbele ya darasa, Kibiti, nimekunja ngumi.

Kwetu Mbwera nguo nzuri hazikuwekwa sandukuni, unyevu ungezila. Mama alizitundika darini, juu ya jiko, pamoja na mbegu za mpunga na samaki, hongwe, waliokuwa wakikauka. Sare yangu ya shule ilikaa humo likizo nzima. Nilipoivaa kurudi Kibiti kwa shangazi Mwajuma, nikiwa darasa la tano, nilijiona bibi harusi: nguo kavu, haina hata tundu la mende. Sikujua kama inanuka. Nyumba yetu nzima ilikuwa hivyo, na harufu ile kwetu ilikuwa na maana moja tu: leo kuna kitoweo.

Mwalimu wa Kiingereza aliitwa Zuberi. Namtaja, maana mie niliumia na yeye alicheka. Siku hiyo alikuwa anafundisha maneno ya pua na ya ulimi. Akaandika neno moja ubaoni, akaniita mbele, akawaambia wenzangu wapite mmoja mmoja waninuse. Wa kwanza alikuwa Shabani, jirani yetu, aliyekuwa akila kwa shangazi karibu kila siku. Akabana pua. "Mwalimu, huyu kalala na kambare!" Darasa zima likaangua kicheko.

"Sasa sema mwenyewe kwamba wewe ni hivyo," Zuberi akaniambia, "kwa Kiingereza. Ukisema, kaa. Husemi, toka, na usirudi mpaka uwe tayari kusema."

Nikatoka.

Shangazi alinisugua kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikawasha. "Kaseme tu, mwanangu. Neno la Wazungu, nani analijua hapa mtaani?"

"Shabani analijua," nikamjibu.

Siku ya nne akamtumia mama salamu. Mama akaja, mtumbwi kisha lori, na kikapu cha hongwe kichwani kwa ajili ya mwalimu. Mama hakujua kusoma. Alitaka mie nijue. Njiani kwenda shule hakusema kitu ila, "Leo unyamaze, niachie mimi."

Zuberi alikipokea kikapu ofisini, akafunua, akavuta pumzi. "Aa, mama, hawa wananukia!" Akamega kipande. Mama akamwuliza lile neno lina maana gani. Akamweleza kuwa ni kunuka vibaya, huku anatafuna.

"Mwalimu," mama akasema, "samaki hawa na mtoto huyu wametoka dari moja."

"Darasa langu lina sheria, mama. Aseme tu, yaishe."

Mama akakifunika kikapu, akajitwika. "Basi wanaondoka wote." Mlangoni akageuka. "Na hicho kilichomo mdomoni meza taratibu, kina miiba."

Huo ndio ukawa mwisho wa kusoma kwangu. Miaka mingi nilimlaumu mama kimoyomoyo, kwamba angebembeleza kidogo leo ningekuwa nesi. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Aliyeufunga mlango ule ni Zuberi, na Shabani alimshikia komeo. Mama alikuwa amekuja kuomba, akakuta anachoombwa yeye ni mtoto wake ajitukane.

Sasa binti yangu Rehema anafundisha Kiingereza, sekondari. Ndiye aliyenieleza kwamba neno lile, zamani huko kwao Wazungu, halikuwa tusi. Lilikuwa harufu yoyote ile, hata ya ua. Watu wakazidi kulitumia kwa vitu vibaya, vile vizuri vikalikimbia kimoja kimoja, mpaka likabaki na uvundo peke yake.

"Kumbe lilikuwa neno la watu, mama," akanitania. "Hebu liseme leo tulisikie."

Nikamwambia walioliharibu ndio walitengeneze. Huko kwao huenda lilizaliwa na ua mkononi, sibishi. Kwangu mie lilifika limeshaoza, limeandikwa kwa chaki, nimeelekezewa kidole. Sikulisema siku ambayo lingenirudisha darasani. Leo nilisemee nini?