Kakavi Imebomoka

Kisiwa cha Kithira, huko Ugiriki, kina vighuba vingi visivyomo kwenye ramani za wageni, na kila ukoo una chake. Cha kina Garifalia kiliitwa Kakavi, yaani sufuria, kwa kuwa kilikuwa cha duara na maji yake yalitulia hata upepo wa kaskazini uvume vipi. Kukifikia ni kuteremka genge nusu saa, umeshikilia vichaka. Garifalia, mstaafu wa posta mwenye goti bovu, aliteremka kila asubuhi toka Mei hadi Oktoba. Ukikutana naye dukani alikwambia, kabla hujamwuliza, kwamba mwaka huu ameshaoga mara tisini na tatu. Wanawake wa pale huhesabu hivyo, na hushindana.

Mgeni akiuliza njia, haonyeshwi ng'o. Mmoja atamwambia kuna nyoka, mwingine atasema mwenye shamba ana bunduki. Uongo wa Garifalia ulikuwa kwamba tetemeko limekibomoa kighuba chote. Aliusema huku anatikisa kichwa, utadhani yuko matangani.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Mdogo wake, Minas, alipopanda meli kuhamia Australia mwaka 1974, Garifalia alikataa kwenda gatini kumuaga, kwa hasira ya kuachiwa mama mgonjwa peke yake. Hasira iliisha kwa wiki mbili. Kiburi, wacha we, kilikaa miaka hamsini. Minas hakuandika, dada mtu naye hakuandika. Na dada ndiye aliyekuwa akifanya kazi posta! Kila gunia la barua lilipoingia alilipekua yeye kwanza. Alitaka neno moja tu kutoka kwa Minas, hata likiwa tusi.

Agosti iliyopita alikuwa anaelekea Kakavi, taulo begani, akakutana na mwanamke wa makamo aliyekumbatia mkoba kifuani. Kwa Kigiriki cha kuungaunga mwanamke akauliza njia ya Kakavi. Garifalia akataka kujua jina hilo kalipata wapi. Akajibiwa kwamba mtu wake alimwambia. Garifalia akajisemea: haya, wameanza tena, kesho watakuja na kamera.

"Kakavi imebomoka, mwanangu," akamwambia. "Nenda Ufukwe Mkubwa. Kuna miavuli, kuna soda."

Mwanamke alibaki amesimama, machozi yanamlengalenga. Garifalia aliona ni deko la watalii. Akamsubiri apotee kwenye kona, ndipo akateremka zake, akaoga mara ya tisini na nne, akakaa majini muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu maji yalikuwa matamu.

Jioni alipita kwa Kalomira, rafiki yake anayepangisha vyumba, akamkuta anatandua shuka.

"Ulikuwa wapi, shoga?" Kalomira alimuuliza. "Binti wa Minas kakugongea mlango mpaka kachoka."

Garifalia akakaa kitandani. Kalomira akamsimulia yote. Minas alifariki mwezi wa tatu, wakamchoma kama wafanyavyo huko, na binti yake, Kornilia, alimleta majivu kwenye mkoba. Alipanga kukaa siku tatu, lakini upepo mkali ulitabiriwa, meli ikaondoka saa nane mchana naye ndani yake, na hakukuwa na nyingine mpaka wiki ijayo.

"Baba yake aliagiza mwenyewe," Kalomira akasema. "Amwagwe Kakavi, na dada yake awepo. Basi dada hayupo nyumbani, na bibi mmoja njiani kamdanganya Kakavi imebomoka. Maskini, kaenda kummwaga Ufukwe Mkubwa, katikati ya watu wanaokula aiskrimu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu sijui alikuwa nani."

"Alikuwa ni mimi," Garifalia akasema.

Kalomira akaikunja shuka. Uongo kama ule hata yeye alikuwa ameshausema, tena juzi tu. Akampa namba ya simu aliyoiacha Kornilia. Garifalia akaitia kwenye pochi, lakini atamwambia nini mtoto wa watu?

Upepo ulivuma siku nne. Siku ya tano, Garifalia alikwenda Ufukwe Mkubwa, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu miavuli ilipoletwa. Vretos, mkodishaji wa vitanda vya ufukweni, alimcheka: shangazi leo kapotea njia? Kisha akamshauri asogee kule mwisho, penye maji safi na watu wachache.

"Hapa hapa," Garifalia akasema, anavua viatu. "Nimekuja kwa mdogo wangu. Yuko hapa."

Vretos akaangalia majini. Palikuwa na vichwa kama arobaini, mipira, watoto wanarushiana maji. Akamuuliza ni yupi.

Garifalia alikuwa ameshaingia mpaka kifuani, anawaomba watu radhi, wampishe.