Neno la Kurudi Alikabidhiwa Aliye Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi niliyoipiga pasi mara mbili na viatu vya kwendea kanisani, nikapanda bodaboda kutoka Rhotia mpaka Karatu mjini nikiamini naenda kukaa ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kimejaa mahema, masufuria na harufu ya mafuta ya taa. Mkuu wa Safari, mzee mrefu aliyewahi kuwa askari wa misitu, aliniangalia viatu kwanza, ndipo akaniangalia usoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unatoka wapi?"

"Rhotia."

"Kupika unajua?"

"Mzee, Rhotia nani asiyejua kupika?"

"Sijaulizia Rhotia nzima. Nimekuuliza wewe."

"Najua."

"Basi nenda kabadilishe hivyo viatu. Kesho tunapanda Embulbul. Na kabla hujapika chochote, nataka nione kama unaweza kukaa kimya ukatazama watu wakiteka maji."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilikuwa nimeteka maji tangu nikiwa mtoto, sikuona cha kutazama.

Niwaeleze kwanza kazi yetu, maana vijana wengi wa Karatu leo wakisikia safari wanafikiria gari lenye paa la kufunguka na simba aliyelala. Sisi tulitembeza watu. Mgeni alikuja kwetu akitaka kuvuka nyanda za juu za Ngorongoro kwa miguu, siku kadhaa, akilala hemani: kuanzia bonde la Embulbul, kupanda Loolmalasin, kupita ukingo wa kreta ya Empakaai, hadi kushuka kwenye joto la chini, mlima Lengai ukiwa mbele yake. Kuna mahali nyasi huganda kwa baridi alfajiri, na kuna mahali askari wa hifadhi hutangulia na bunduki kwa ajili ya nyati.

Loolmalasin ndio mrefu kuliko milima yote ya nyanda hizo. Watu hawautaji, Kilimanjaro imeshawajaza masikio. Lakini kutoka shambani kwetu, asubuhi isiyo na mawingu, nilikuwa naliona bega lake ng'ambo ya msitu. Nikiwa mdogo nilimwambia mama kwamba siku moja nitasimama kule juu. Akaniambia nimalize kwanza kupalilia maharage. Hamu hiyo niliingia nayo kazini, nikazeeka nayo, na haya ninayowasimulia ni habari zake.

Safari ile ya kwanza tulikuta mambo yameharibika kabla ya kuanza. Mizigo yetu hubebwa na punda, kwenye mashogi, yaani mifuko miwili ya ngozi inayoning'inia huku na huku mgongoni mwa mnyama. Msimamizi wa Usafiri alikuwa mgeni kazini, kijana mchangamfu wa Arusha. Alikuwa amepanda kwenye boma la Wamasai siku iliyotangulia, akazungumza na mzee mwenye mji, wakanywa chai, wakapeana mikono. Asubuhi tulipofika hapakuwa na punda hata mmoja.

"Mzee alikubali!" Msimamizi alilalamika. "Tulikubaliana vizuri kabisa!"

Mkuu wa Safari alicheka mpaka akashika mbavu. "Alikubali kwa sababu ya heshima. Angekukatalia vipi, mgeni wake? Lakini punda hapa ni wa akina mama. Wameenda nao kuteka maji. Ungemuuliza mwenye punda."

Hapo ndipo nilipoambiwa nikae kimya nitazame. Tuliwafuata akina mama mpaka kwenye chemchemi. Alikuwepo Yeyo Nashipai, mama wa makamo mwenye sauti ya juu, anayewaita punda wake kwa majina na kuwatukana kwa mapenzi. Mkuu wa Safari hakumwomba punda. Alimuuliza maji ya nyumbani yanatosha mpaka lini, nani ana mtoto mchanga, chemchemi ya juu imekauka au bado. Yeyo Nashipai alijibu yote hayo, kisha mwenyewe akasema, "Chukua wale wawili leo, hao wengine waje kesho wakishapeleka maji." Safari nzima ikapangwa upya pale pale, kufuata maji ya akina mama, na mgeni akalala siku ya ziada Embulbul bila kujua kwamba hiyo ndiyo iliyomzoesha hewa nyepesi ya juu.

"Ukipanga safari, anza na maji," Mkuu wa Safari aliniambia tukirudi. "Maji ya wenyeji, maji ya punda, maji ya mgeni. Ramani utaifungua baadaye." Nilimpenda yule mzee kuanzia siku hiyo, nawaambia wazi.

Nilianza na kazi ya kuwasha moto na kuosha vyombo, nikawa mpishi msaidizi, kisha mpishi mkuu chini ya Msimamizi wa Kambi, mama mkali wa Mbulu ambaye angeonja supu yako akaimwaga bila kukuangalia. Kwake nilijifunza kwamba juu mlimani maji huchemka upesi lakini maharage hayaivi, na kwamba mgeni aliyechoka hataki nyama, anataka uji na supu ya moto. Kumbe upishi ndio ulionizuia kufika kileleni. Wengine wakipanda, mpishi hubaki kambini, kwa sababu wanaorudi lazima wakute chai. Nilibaki miaka na miaka, nikiwaona wakipotelea kwenye ukungu, nikiwaona wakirudi wanacheka, nami nawamiminia chai na roho inaniuma. Siku moja Mkuu wa Safari aliniona nikiutazama mlima.

Haikuchukua muda akanipandisha cheo, akanifanya mfunga msafara.

Hapa panahitaji maelezo. Mfunga msafara ni yule anayetembea wa mwisho. Kampuni nyingi humpa nafasi hiyo yeyote aliyepo, aokote chupa na glavu zinazoanguka. Kwetu ilikuwa kinyume. Asubuhi, kabla ya kuanza kupanda, Mkuu wa Safari aliwakusanya watu na kusema, "Leo neno la kurudi analo huyu wa nyuma. Akilisema, tunarudi. Halijadiliwi na mgeni, halijadiliwi na mimi." Sababu yake ilikuwa nyepesi. Aliye mbele anaangalia njia na kilele. Aliye nyuma anaangalia watu wanavyotembea, na ugonjwa wa mwinuko, ule unaotokana na hewa kupungua, huonekana kwenye miguu ya mtu kabla yeye mwenyewe hajakiri.

Siku yangu ya kwanza kufunga msafara, mgeni alikuwa mmoja tu, mkandarasi wa Dar es Salaam, mtu wa pwani aliyezoea kuamrisha. Mbele alikwenda Mkuu wa Safari, akafuata askari wa hifadhi, kisha mgeni, kisha mimi. Niliona raha isiyo na kifani. Hatimaye zamu yangu! Tulipita miti mirefu yenye ndevu nyeupe zinazoning'inia matawini, tukapita vichaka, tukatokea kwenye nyasi fupi. Kilele kikawa mbele yetu, peupe, hakina hata wingu.

Mkandarasi akaangusha glavu, asijue. Nikaiokota. Akaweka fimbo yake pembeni ya jiwe badala ya juu yake, akayumba. Nikamuuliza, "Bosi, watoto wako wanaitwa nani?" Akakaa kimya muda mrefu mno, kisha akacheka kicheko ambacho hakikuwa na sababu.

Nilitazama kilele. Nikamtazama tena yeye. Naapa moyo ulinipasuka.

"Tunarudi," nikasema.

Mkandarasi aligeuka amewaka. "Nani anarudi? Wewe dada wa kupika ndiye wa kunirudisha mimi? Mzee, mwambie huyu!"

Mkuu wa Safari alivua kofia yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake akikubali jambo. "Mwenye neno ameshasema," akajibu kwa upole, akapita pembeni yetu kuanza kushuka. Bosi wangu, aliyeupanda mlima ule kabla mimi sijajua kuvaa viatu, alinitii pale pale bila hata kuniuliza nimeona nini. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa mkubwa kiasi hicho.

Mkandarasi tulimshusha akitutukana nusu ya njia na akitapika nusu iliyobaki. Kule chini kichwa kilimtulia, akanywa uji, akayataja majina ya watoto wake wote bila kuulizwa. Kisha akaniomba radhi mbele ya punda wa Yeyo Nashipai, ambao hawakuonyesha kuguswa.

Jioni ile Mkuu wa Safari alikuja kukaa karibu na jiko langu.

"Ulitaka kufika?"

"Nilitaka sana, mzee."

"Najua. Ndiyo maana nilikupa wewe mkia. Asiyekitamani kilele akisema turudi, nitajiuliza kama amechoka au anaona baridi. Wewe ukisema, sina la kujiuliza."

Miaka iliyofuata niliitumia kupanga. Mkuu wa Safari alipostaafu nilikalia kiti chake, na baadaye alipofariki nikaichukua desturi yake ya kofia, ingawa mimi navaa kitambaa. Kupanga safari ya mlimani ni kazi ya kuwaza mabaya bila kuwa mtu mbaya. Unaomba kibali na askari mapema. Unahakikisha mtu amelala chini zaidi ya mahali alipofika mchana. Unaacha siku moja tupu ambayo haina kazi, na mgeni anapokuuliza ni ya nini, unamwambia ni ya kuangalia mandhari. Na kabla ya yote hayo unampigia Yeyo Nashipai kuuliza hali ya chemchemi. Siku hizi ana simu ya mkononi, na anaitukana kama alivyowatukana punda.

Kilele sikukipata. Mara mvua, mara mgeni, mara mkutano Karatu. Nikastaafu.

Vijana wangu wakaniandalia zawadi. Nami niwe mgeni! Mbele angekwenda Lemayan, kijana wa Nayobi anayeniita yeyo, mama, kama mwanangu wa kumzaa. Askari wa hifadhi angefuata. Nyuma angekuwa Paulina, binti wa Mbulu niliyemfundisha kazi kuanzia kukuna karoti. Nilipiga magoti kushukuru. Asubuhi ya kupanda, Lemayan alitangaza kwamba neno la kurudi analo Paulina, nami nikapiga makofi kuliko wote.

Tulipofika kwenye nyasi fupi kichwa kilianza kunigonga. Nilizijua dalili zote, kwa hiyo nilijua kuzificha zote. Glavu nilizifunga kwa kamba. Fimbo niliiweka kwa makini. Nikiulizwa, najibu haraka, tena kwa utani. Kilele kilikuwa pale, hata mtoto angekirushia jiwe. Nilijiambia, safari hii hakuna wa kunikosesha.

"Mama," Paulina akaita kutoka nyuma, "hebu tupangie safari kidogo, nisikie. Wageni wanakwenda Empakaai. Punda wa Yeyo Nashipai wabebe nini?"

Nilicheka. Swali jepesi lile! "Wa kwanza mahema. Wa pili vyombo na unga. Wa tatu mabegi ya wageni. Anayebaki atembee bure, apumzike."

Nikasikia hatua za Paulina zimesimama.

"Na maji, Mama?"

Maji nilikuwa nimeyasahau. Mimi, ambaye ningeamshwa usingizini ningetaja maji kabla ya jina langu.

"Tunarudi," akasema.

"Paulina! Kazi hii nilikufundisha mimi!"

"Ndiyo, Mama. Ulinifundisha vizuri."

Nikamgeukia Lemayan. Alikuwa ameshavua kofia, anaikunja.

Nililia kushuka. Nilikasirika, sitawadanganya, nikamwita Paulina majina ambayo Yeyo Nashipai huwaitia punda. Lakini tulipoingia tena kwenye miti yenye ndevu kichwa kikaanza kufunguka, nikaanza kuona alichokuwa amekiona Paulina. Binti yule alikuwa amenitega kwa mtego ambao mimi sikuwahi kuubuni. Kambini Yeyo Nashipai, mzee sasa, alinipa chai ya maziwa. "Umefika?" akauliza. "Sijafika." "Kunywa," akasema.

Mwezi uliopita Lemayan alinitembelea hapa Rhotia. Tulikaa uani nikichambua maharage, naye akawa anaulizia afya yangu kwa kuzungukazunguka. Mwisho nikamuuliza jambo lililonikaa moyoni: kwa nini siku ile mkia alimpa Paulina, wakati kulikuwa na wengine wazoefu zaidi?

"Yeyo, wote walitaka kuja," akasema. "Niliwauliza, nani anataka zaidi mama afike juu? Wengine walinyoosha mikono. Paulina alishindwa kunyoosha. Alikuwa analia."

Niliendelea kuchambua maharage. Mawingu yalikuwa yameondoka, na bega la mlima lilionekana ng'ambo ya msitu. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikakikunja, nikakiweka mapajani.