Viatu Mlangoni mwa Kanisa

Siku ile hainitoki akilini, Salma mwanangu. Nnakuhadithia leo kwa sababu nimekusikia jikoni ukisema hutokwenda kesho Ijumaa kwenye ibada ya marehemu mama yake Achieng, mwenzio wa kazini hapo mtaa wa Ghubra, ati kwa kuwa iko kanisani. Hebu kaa. Kahawa itapoa, basi ipoe.

Mie nilikuwa msichana kama wewe, nasomea uuguzi Uingereza, nimepanga chumba kijijini kwa Bi Margaret na mumewe. Hawakujaaliwa watoto. Wee, walinipenda wale wazee! Mwezi wa Ramadhani yule bibi akiamka kunipashia uji wa daku. Basi majira ya baridi mumewe akafariki, na ibada ya maziko ikawa kanisani kwao.

Kanisa lao lilikuwa la mawe, la kale mno, hata wenyewe hawamjui aliyelianza. Mbele ya mlango lina kibaraza chenye viti vya mawe huku na huku, ungedhani uko Mji Mkongwe, na mlango wenyewe wa mbao nzito, misumari ya chuma. Siku hiyo nikakaa pale na mjomba wangu, naye akiishi huko huko Uingereza, aliyekuja kwa treni kumpa pole Bi Margaret. Nikamwambia, "Mie siingii, mjomba. Nitamngoja Bi Margaret hapa hapa."

Yarabi, alivyonigeukia! "Uji wake umeunywa ndani, msiba wake unataka kuusikiliza nje? Fadhila za punda ni mateke! Hukuitwa kusali wewe, umekuja kumhani mfiwa. Inuka!"

Nikainuka. Na kwa mazoea, mwanangu, nikavua viatu mlangoni! Nikaingia na soksi juu ya sakafu ya mawe iliyolika kwa nyayo za watu, baridi inanipanda mpaka magotini. Nguzo nene, matao juu yake. Karibu na mlango kuna birika la jiwe wanalobatizia watoto, lina mfuniko wa mbao. Kule mbele kiambaza cha mbao kimechongwa maua na majani, na jeneza mbele yake. Kijiji kizima kimekaa nyuma. Benchi la wafiwa yumo Bi Margaret peke yake.

Nikaketi ubavuni mwake. Akaniangalia miguu, hakucheka. Akauvuta mto mdogo wanaopigia magoti, alioudarizi mwenyewe, akausukuma chini ya nyayo zangu nisishikwe na baridi. Mumewe yumo jenezani, naye anashughulika na miguu yangu! Nililia mie kuliko yeye. Mpaka leo nikisikia harufu ya nta na mbao kongwe, huukumbuka mto ule.

Dini yako iko kifuani, mwanangu, haidondoki kwa kukaa saa moja kwenye benchi la watu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Achieng mamake kazikwa Kenya, naye yuko Maskati, hakupata hata kumtupia udongo. Nenda ukakae naye. Si lazima useme kitu.

Mungu akuhifadhi, akupe moyo mpana. Na siku yangu mie itakapofika, akuletee watu wa kukaa nawe.